Sisimizi wa Mtumbwi wa Pombe

"Kama hawali mbao, wanakula nini?"

Nililiuliza swali hilo mchana kweupe, mbele ya watu wazima. Bibi Niragira aliendelea kumenya ndizi. Shangazi yangu Ildefonsa aligeukia mlango. Jirani yao Kwandu, ambaye hata msibani hakuwahi kunyamaza, alishika ndoo yake akaenda zake.

Limi, wewe hunicheka. Unasema nikisimama kwenye mdahalo hapa chuoni kuwapinga wanaoremba mila, nakunja uso kama mtu aliyeonja kitu kilichooza. Ndiyo, nilikionja. Leo nakueleza nilikionjea wapi. Na kwa kuwa wewe unasomea udaktari, vumilia mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nina ombi.

Ulikuwa mwaka wa vita. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo kwetu Bukiriro. Baba yangu, Anastazi, katekista, aliniambia nifunge nguo zangu nikakae na mdogo wake, shangazi Ildefonsa, aliyekuwa ameolewa katika kijiji cha ujamaa upande wa Biharamulo. Mume wake, Anatory, alikuwa ameondoka na mgambo kwenda mpakani na barua zilikuwa haziji. "Mwanamke asibaki peke yake na mama mkwe," alisema baba, akicheka. Nami nilicheka. Nilipanda lori la pamba, nikafika saa za kutoka shambani, jua likiwa bado kali, watoto wakichota maji, mbuzi wakilia. Siku ya kawaida kabisa.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimepangwa mistari kama madawati. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ndiyo iliyowakusanya hapo: Wahangaza na Wasubi kutoka vilimani, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutafuta malisho. Kila mtu alisema Kiswahili kwa sababu bila hicho jirani yako ni bubu.

"Shikamoo, Bibi," nilimsalimia mama yake Anatory, Bibi Niragira, mlangoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye Domisiana? Karibu ndani. Uwasalimie na wenzako."

Nilitazama. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitanda cha miti, picha ya Bikira Maria, na kando ya kitanda, mtumbwi mkubwa wa kukamulia pombe ya ndizi, ule tunaouita umuvure kwetu. Ulikuwa wa zamani, mweusi, umepasuka chini, haufai tena kushika hata maji. Bibi Niragira alikunja kidole akaugonga. Ko, ko, ko. Kama mtu anayebisha hodi.

Ndani ya mti kukajibu. Ilikuwa sauti kama ya mvua inapoanza kudondoka kwenye majani makavu ya mgomba. Ikaenea kutoka kichwani mwa mtumbwi mpaka mkiani, kisha ikatulia.

"Wamekuitikia," alisema, akafurahi sana.

Walikuwa sisimizi. Usifikirie wale wadogo wa kwenye sukari. Hawa ni weusi, wakubwa kama punje ya mpunga iliyovimba, wenye vichwa vipana na meno unayoweza kuyaona. Wala si mchwa. Mchwa anakula mti, na ubaya wake unaeleweka. Hawa wanachonga tu. Wanatafuna mbao, wanazitoa nje, wanazitupa, na ndani wanabaki na vyumba. Kila asubuhi chini ya ufa wa ule mtumbwi palikuwa na kichuguu cha unga wa mbao, laini, umechanganyika na mabawa ya mende na miguu ya panzi. Bibi aliukusanya kwa viganja kwa heshima, kama mtu anayeokota nafaka. Siku moja niliona ndani ya unga ule kipande chembamba, kimepinda, cha rangi ya pembe. Kilikuwa na umbo la ukucha.

Shangazi ndiye aliyenisimulia walikotoka. Katika ukoo wa Anatory, mwenye mji akifa, mtumbwi wake wa pombe hufunikwa juu ya kaburi. Unabaki umeinama hivyo mpaka matanga yaanuliwe rasmi. Hapo mtoto wa kiume anauinua, anakamua pombe ya kwanza, na marehemu anaachiliwa aende zake. Mzee Ndikuriyo, mume wa Bibi, alizikwa hivyo. Lakini kabla ya siku ya kuanua matanga, Operesheni ilifika. Paa lilivuliwa. Lori lilisubiri barabarani likinguruma. Bibi Niragira alisema hapandi bila mtumbwi, na vijana wa mgambo, kwa kutaka yaishe, waliung'oa pale kaburini na kuutupa garini.

"Ulipoinuliwa," shangazi alininong'oneza, "chini yake udongo ulikuwa na matundu. Walikuwa wamepanda kutoka chini, Domisiana. Kutoka chini."

Sikuomba maelezo zaidi.

Kwandu alikuwa na utani wake. Alizoea kusimama mlangoni, ndoo kichwani, akisema, "Sisi tumehama na ng'ombe, Bibi Niragira umehama na wadudu. Lini utawakamua utuletee maziwa?"

"Wa kwako wananya barabarani," Bibi alimjibu. "Wa kwangu wanafagia nyumba yao wenyewe."

"Haya, mama. Ukiwachinja nipatie paja."

Walicheka wote wawili. Siku hiyo ndipo nilipouliza lile swali, na kicheko kikakatika.

Jibu nililiona mwenyewe jioni ile, jua likizama. Bibi alimenya ndizi mbivu akampa shangazi. Shangazi akatafuna. Hakumeza. Alipiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka midomo yake kwenye ufa wa mtumbwi, akaifungua.

Walitoka.

Walimpanda midomoni, mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaojua zamu yao. Waliingia. Walitoka na mashavu yamejaa. Wengine walishika mdomo wa chini kwa meno ili wasianguke. Mate yalimtiririka kidevuni. Nyumba nzima ilinuka uchachu, kama siki iliyomwagika juu ya nguo yenye jasho. Na Bibi Niragira alikaa kitandani akihesabu rozari.

Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba.

Niliporudi nilisema yaliyo moyoni, adabu au bila adabu. "Bibi, huu ni uchafu."

"Uchafu ni ujane," alisema, wala hakuinua sauti. "Hawa hulishana mdomo kwa mdomo. Anayewarushia chakula kwa mkono ni mgeni kwao. Anayewalisha kwa kinywa ni ndugu. Mume wake yuko vitani. Wakishiba hapa, kule yeye anasimama. Wamemshika baba yake hawakumwacha. Watamshika na mtoto."

Hebu pima hoja hiyo. Mwanaume amekwenda vitani kwa amri ya wanaume, anapigwa risasi na wanaume, lakini uhai wake umewekwa kinywani mwa mke wake! Akirudi, ni mizimu ya ukoo imemrudisha. Asiporudi, mke hakutafuna vizuri. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hilo ni jambo la ndani ya nyumba na yeye haingilii mambo ya ndani ya nyumba. Bwana huyo huyo alikuwa amesimamia nyumba za watu zikivuliwa mapaa!

"Twende zetu Bukiriro," nilimwambia shangazi tulipokuwa kisimani. "Kesho. Baba atakupokea."

"Halafu?"

"Halafu hutawalisha tena."

"Halafu Anatory asirudi." Alinong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu. "Nani atasema sikumuua? Wewe? Wewe ni mtoto wa shule. Mimi nampenda yule mtu, Domisiana. Kama kuna nafasi hata ndogo kama tundu la sindano, nitafungua mdomo."

Midomo yake ilikuwa imevimba. Ndani ya mashavu palikuwa na vidonda, na ulimi ulikuwa na alama ndogondogo za meno. Siku moja hakuweza hata kunywa uji. Alikaa ameshika ndizi mkononi, machozi yanamtoka. Nikamnyang'anya.

"Leo natafuna mimi. Wewe pumzika."

Limi, sitakueleza yote. Nitakwambia tu kwamba ni wepesi. Unatarajia watakuuma, na mimi hawakuniuma. Wanakupapasa. Miguu yao inakupapasa fizi kama mtu anayetafuta kitu gizani, na ladha yake ni chachu, na mmoja alikwenda nyuma, nyuma kabisa, ambako huwezi kumtema. Nilikohoa. Nilisukutua kwa maji ya majivu. Nadhani walitoka wote.

Bibi Niragira alinipangusa kidevu kwa kanga yake. "Sasa wanakujua na wewe," alisema.

Anatory alirudi.

Alirudi mchana, kijiji kizima kikiona, akiwa na mwenzake wa kikosi aliyeitwa Laurian. Vigelegele vilipigwa mpaka kwenye zizi la mwisho. Alikuwa na koti la jeshi lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na alitabasamu. Wanawake walimzunguka wambebe juu juu, kama shujaa anavyobebwa. Kwandu, mwenye nguvu kuliko wote, alimshika kiunoni akamwinua.

Akapanda upesi mno.

Alipanda kama kapu tupu unaloliinua ukidhani limejaa. Kwandu aliyumba nyuma, karibu aanguke. Alimshusha chini taratibu. Alitazama mikono yake. Hakucheka tena siku ile, na kuanzia hapo hakusimama tena mlangoni petu.

Laurian alikunywa maji akakataa kulala. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza mume wa shangazi aliumia wapi.

"Alipigwa," alisema. Hakunitazama. "Kifuani. Tulimlaza chini ya mgomba tukamfunika uso, kwa sababu ilibidi twende. Tulipogeuka, alikuwa nyuma yetu. Anatembea."

"Kwa hiyo hakufa."

"Mimi sijasema hivyo, dada." Akaongeza mwendo.

Anatory hakula. Alikaa kwenye kigoda barazani kuanzia kunapokucha, mikono magotini, akitazama njia. Ukimsalimia alijibu, lakini jibu lilichelewa, kama limetoka chumba cha mbali. Aliponiita jina nilisikia ile harufu ya siki. Asubuhi shangazi alikung'uta mto wake. Upande alikolaza kichwa palikuwa na unga.

"Ni vumbi la safari," alisema Bibi.

Kesho yake ulikuwepo tena.

"Mlishe mumeo," Bibi Niragira alimwambia. "Unajua anavyokula."

Nikaona uso wa shangazi yangu ukielewa. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyeomba kitu kwa miezi, akakipata, akakifungua.

Jumapili iliyofuata Bibi alikwenda misani. Hakukosa misa hata mara moja, huyo. Mara alipotokomea, shangazi alisimama.

"Chemsha maji," aliniambia. "Sufuria zote."

"Na mumeo?"

"Yule pale nje simjui. Kama ni Anatory, atanisamehe. Kama si yeye, sitaki anisamehe."

Tulichemsha. Tulimwaga maji kwenye ufa wa mtumbwi, moto, yakitoa mvuke, sufuria baada ya sufuria. Nilisubiri ile sauti. Nilisubiri watoke. Hakuna kilichotoka. Shangazi aligonga kwa kidole. Ko, ko, ko.

Kimya.

Alichukua shoka akaupasua. Mti ulifunguka kama mkate. Ndani mlikuwa na vyumba, Limi. Vyumba na vyumba, kuta zimelainishwa hadi zinang'aa, vimepangwa mistari kama kijiji chetu. Visafi. Vimefagiwa.

Vitupu.

Tulitazamana. Tukatoka nje.

Anatory alikuwa palepale kwenye kigoda, ametupa mgongo. Kelele zote zile za shoka hakugeuka. Shangazi alimsogelea taratibu, bila viatu. Alikunja kidole. Alimgonga mgongoni, katikati ya mabega.

Ko, ko, ko.

Mvua ikaanza kudondoka kwenye majani makavu.

Ilianzia shingoni. Ikashuka. Ikafika kiunoni. Ikatulia.

Shangazi hakupiga kelele. Aliweka kiganja mgongoni mwake akakiacha hapo, kama alivyozoea, nadhani, siku za mwanzo za ndoa yao. Anatory akainama mbele, polepole, kama koti linalotoka kwenye msumari. Akalala chini. Hakukuwa na damu. Vifungo vya koti vilikatika.

Wakatoka.

Walitoka masikioni. Walitoka puani. Walitoka mdomoni kwa mstari, kila mmoja amebeba mtoto mweupe katika meno yake, kama watu wanaopakia mizigo kwenye lori. Katikati yao alitembea mmoja mkubwa, mzito, tumbo linaburuta. Mama yao. Mstari haukwenda migombani. Haukwenda barabarani. Uligeuka. Ulikuja kwenye miguu ya shangazi yangu.

Niliingia jikoni nikabeba majivu ya moto kwa koleo, nikayamwaga. Nikamwaga tena. Nilikanyaga. Nilikanyaga mpaka nyayo zikanata, na harufu ile ikanijaa kichwani. Shangazi alisimama tu, mikono imefunika mdomo.

Waliokufa walikuwa wengi. Niliwageuza kwa kijiti. Yule mama hakuwemo.

Bibi Niragira alirudi na rozari mkononi. Aliona mtumbwi. Aliona mtoto wake. Nilitegemea alie. Aliketi chini akaanza kuokota vipande vya mti.

"Mmewahamisha," alinong'ona. "Na sisi tulihamishwa. Mtu akihamishwa, anakwenda kwa anayemjua."

Waliobeba maiti walisema vita humaliza nyama za mtu. Mwenyekiti alitoa hotuba nzuri. Mimi na shangazi tulirudi Bukiriro, na baba hakuuliza maswali. Akampa chumba, kitanda cha chuma kilichotoka misheni, na godoro.

Aliishi miaka. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nilianza kuamini tumeshinda. Alilima, aliimba kwaya. Alikula sana, sahani ya mtu mzima na ya pili, hasa ndizi mbivu, na bado kanga ilizidi kumzunguka. Watu walisema ana bahati ya kutonenepa. Pasaka iliyopita nilimkuta amelala. Aliniita karibu. Pumzi yake ilinuka siki.

"Wewe ulitafuna mara moja tu, Domisiana," alisema. "Mara moja si neno. Sivyo?"

Nilimwambia ndivyo. Nilimwambia mara moja si neno.

Siku ya maziko, vijana waliinua jeneza, nalo likapanda upesi mno. Nilimwona wa mbele akiyumba, akitazama mikono yake. Baada ya watu kuondoka nilikwenda kutandua kitanda. Kitanda cha chuma, nakukumbusha. Ukuta wa tofali, sakafu ya saruji. Hakuna mbao chumbani mle.

Mto ulikuwa na kichuguu cha unga. Laini. Ila haukuwa na rangi ya mti. Ulikuwa mweupe.

Basi ndiyo hayo. Sikukusimulia ili unihurumie. Nimesimama majukwaani nikasema mila ile ni uchafu, na ninasema tena: ni uchafu, na waliomfungulisha yule mwanamke mdomo walikuwa watu waliosali. Hoja yangu sijaibadili. Lakini tangu wiki iliyopita ninakula na sishibi. Ulinitania mwenyewe juzi, tulipokuwa tunacheza, uliponiinua ukasema, "We Domi, mbona mwepesi hivi?" Na leo asubuhi nilipokung'uta mto wangu, nilifunga dirisha kwanza, nikasema ni vumbi la nje. Vitanda vyetu hapa bwenini ni vya chuma, Limi.

Mnafundishwa kugonga wagonjwa kwa kidole na kusikiliza kifua. Umenionyesha mwenyewe.

Nakugeuzia mgongo. Naomba unigonge hapa, katikati ya mabega. Weka sikio. Kisha uniambie umesikia nini.